Mutoto Aliyengojea Sireni

Feza wangu,

Salamu sikuandikii. Tumeamka pamoja, tumefunga mikeka pamoja, na sasa hivi nimekuona na macho yangu ukipanda mutumbwi kuvuka muto kwenda Alunguli kuaga shangazi zako. Utarudi jua likishuka, na kesho asubuhi treni itakubeba, weye na tumbo lako la miezi saba, kutoka hapa Kindu kwenda Albertville, alikotangulia bwana yako. Miye nimeketi kwenye meza ya baba yako, kalamu yake mukononi mwangu, na nyumba imenyamaza. Mambo ya chumvi, sabuni na mahali pa kuficha funguo nimekuambia kwa kinywa mpaka umechoka. Haya ninayoandika, kinywa changu kimeyakataa miaka kumi na tisa.

Usishangae barua kuwa ndefu. Nilisoma miaka mitatu kwa masista, na mwandiko wangu uliwashinda wote. Sista aliutundika ukutani wageni wautazame. Yule karani wa ruhusa za safari anaandika kama kuku anayeparua jalala. Na njo yeye anayetaka kunipa siku kumi na tano tu za kukaa kwako. Nimekwenda kwake mara tatu. Nikamuambia: binti yangu atazaa, mama wa muzazi anakaa siku arobaini, hata weye mama yako alikaliwa hivyo. Akainua kichwa, mutoto niliyemuona akioga uchi mutoni na makamasi yanashuka, akasema, "Mama, sheria ni sheria. Leta tarehe ya kuzaa, nikupe siku kumi na tano kutoka tarehe ile." Tarehe ya kuzaa. Anafikiri mutoto anatoka tumboni na tikiti mukononi.

Bila tarehe karatasi haitoki, basi sitakuja. Nimelijua neno hili tangu juzi na sikukuambia, maana ulikuwa unaimba ukikunja vitambaa vya mutoto. Utalisoma ndani ya treni, Kibombo ikiwa imekwisha kupita, na hutaweza kurudi kunililia mapajani.

Ninajua utafikiri nini. Utafikiri: kama mama haji, nitakaa peke yangu, maana yule mwingine simutaki. Yule mwingine ni Mama Kazadi, mama ya bwana yako, anayekaa Albertville hapo hapo, barabara ya tatu kutoka kwenu. Na kama humutaki, miye njo niliyekufundisha kutomutaka. Mwaka muzima tumemucheka, weye na miye, mpaka mboga ya sombe inaungua jikoni. Siku alipokuja hapa kwa mambo ya ndoa nilimupikia muchele wa Kibombo, kila punje imesimama peke yake, na samaki katika mawese. Hakuna nyumba Kindu inayopika muchele kama wangu, na hayo si majivuno, uliza. Akala vijiko viwili, akasukuma sahani. "Asante, mama," akasema. "Chakula cha ndege, kizuri. Sasa bukari iko wapi?" Ugali, mbele ya muchele wangu! Unakumbuka. Unakumbuka na sala yake, kama muntu anayemufokea Mungu kwa kuchelewa. Na alipokushika mukono akasema, "Mukwe wangu, ukizaa nitakuja kukaa na weye," ulimujibu kwa adabu yako yote, "Asante mama, mama yangu atakuja," ukaingia jikoni, na tukaziba vinywa kwa vikwembe.

Kisha Kazadi mwenyewe. Bwana yako ni muntu muzuri, hanywi, hapigi, anavaa soksi mpaka magotini hata kwenda chooni. Amenunua saa ya kuamsha yenye kengele mbili kichwani. Umeniambia mwezi uliopita, na uliniambia kwa fahari: mutoto atanyonya kila baada ya saa tatu, usiku hapana, imeandikwa katika kitabu; na mikebe ya maziwa imekwisha kupangwa kabatini; na Kazadi amemuambia mama yake asije kujaza nyumba, maana watu walioendelea hawalazi mama mukwe sebuleni. Niliondoka nikaenda kuosha sahani, na sahani zilikuwa safi.

Nitakuambia kwa nini niliziosha.

Hadithi ya zawadi unaijua. Kambi nzima ya reli inaijua, na walio Alunguli wanaijua, maana sijawahi kukaa na muntu nusu saa bila kumusimulia. Ulikuwa na miezi minane. Wazungu wakaitisha mashindano ya watoto chini ya paa la soko, meza ndefu, kitambaa cheupe, mizani katikati. Watoto zaidi ya thelathini. Wakaletwa wenye mafua, wakaletwa wenye upele uliopakwa mawese usionekane, wakaletwa wawili wa mupishi wa daktari waliovikwa soksi za sufu katika jua lile. Na weye ukawekwa juu ya kitambaa, mapaja yana mikunjo mitatu, shingo haionekani. Ukawa wa kwanza. Nikapewa kikwembe cha maua na mikebe sita ya maziwa, na madamu wa mizani akanishika mukono mbele ya watu wote. Hiyo yote ni kweli. Lakini ni mukia wa hadithi. Kichwa nimekikata, na miaka kumi na tisa nimewalisha watu mukia.

Kichwa ni hiki.

Nilikuwa na miaka kumi na nane, bibi wa karani wa magazini, ghala la reli, nyumba ya matofali, pazia dirishani. Pazia lile lilinipanda kichwani. Jirani akianika nguo zake karibu nalo, nilitoka kumuambia aanike kwingine. Ukinikuta leo njiani vile nilivyokuwa, Feza, utavuka upande wa pili wa barabara, na nitakuona una akili.

Kila Alhamisi tulikwenda katika nyumba ya mafundisho ya wamama. Madamu alitoka Ulaya na mizani yake na kofia yake. Alitufundisha kupiga pasi, kutarizi, kupika supu isiyo na ladha hata ya dhambi. Kisha akatufundisha kunyonyesha. Tuliketi pale wanawake ishirini, wengine wamelea watoto sita na saba, na tukafundishwa kunyonyesha na muntu aliyeshika mwanasesere wa mupira. Akamuweka mwanasesere kifuani, akamuondoa, akaonyesha saa ukutani. Kila saa tatu. Usiku, hapana. Mutoto anayenyonya ovyo atakuwa muvivu, kama baba zake. Hilo la baba zake aliliongeza yeye.

Mwanamuke muzee mumoja nyuma akauliza, "Na maziwa yakija usiku, niyaambie yarudi kesho?"

Wote wakacheka. Miye sikucheka. Miye nilikuwa wa kwanza katika darasa.

Tatizo langu lilikuwa moja: saa hatukuwa nayo. Baba yako alikuwa na saa ya mufukoni, na ilikwenda naye kazini. Hapo akili yangu ya wa kwanza katika darasa ikafanya kazi. Sireni ya atelieri, karakana ya reli, ililia alfajiri wafanyakazi wakiingia, ikalia saa tatu, ikalia saa sita, ikalia saa nane, na saa kumi na moja wakitoka. Nikahesabu kwa vidole. Karibu sawa na maneno ya madamu. Nikamuambia baba yako, akanisifu. Akasema kazini hakuna muntu mwenye bibi kama wake. Hilo lilikuwa kweli, bahati njema kwa wenzake.

Ukazaliwa. Bibi yako, mama yangu, akashuka kutoka Kibombo na kikapu cha muchele, chupa ya mawese na kuku watatu. Hakuuliza ruhusa. Alivua kitambaa cha kichwa, akaondoa pazia langu akafungia ndani yake majani ya kunikandia, akawasha moto. Kwa siku tatu sikugusa maji baridi wala ufagio. Alinikanda mugongo na maji ya moto mpaka nikapiga kelele, akanifunga tumbo, akaninywesha uji kabla sijaona njaa. Na weye, ukigeuza kichwa tu, alikuweka kifuani kwangu. Ukilia, ziwa. Ukitafuta na mudomo, ziwa. Nikamuambia, "Mama, sireni bado."

"Nimenyonyesha saba," akasema, akiendelea kuchochea moto. "Hakuna aliyeniuliza saa."

Siku ya tatu, jioni, wakaja wenzake baba yako wa ofisini kutazama mutoto, wanne, tai shingoni. Wakamukuta mama yangu amepiga magoti, mikono katika majani, anaimba, na moshi umejaa sebuleni. Walikaa dakika tano. Walipoondoka baba yako hakusema kitu mbele yake. Alikuja chumbani akasema polepole, "Muzungu wangu anataka kuona nyumba kabla ya kunipandisha cheo." Kisha akatoka. Wanaume hawa, Feza, wanaweka kisu mezani na kwenda zao. Mwenye kukata ni weye.

Nikakata. Nilimuambia mama yangu, "Mama, hapa si kijiji. Rudi Kibombo. Nitajiweza."

Akanawa mikono. "Nipe kikapu changu," akasema. "Kuku nawaacha. Wao hawakunikosea."

Hakulia, hakunilaani. Alipanda treni ya asubuhi na kikapu kitupu, na miye nikarudisha pazia.

Siku ya tano baada ya kuzaa nikaanza kulia, na sikujua ninalilia nini. Maziwa yalikuwa yamekuwa mawe, chuchu zimepasuka, mugongo umefunguka katikati, na hapakuwa na muntu wa kunipa hata maji. Nililia nikipiga pasi mashati ya baba yako. Nikanyamaza aliporudi. Nasikia kuna wanawake wanaosema hilo halikuwapata. Waongo hao, au wamesahau, au walikuwa na mama yao karibu.

Weye nawe ulilia. Mwanzo ulilia kama mutoto, kwa nguvu, na miye nilitembea na weye chumbani nikingojea sireni. Ikilia nakuweka, na weye umechoka kwa kilio, unanyonya kidogo unalala. Usiku nilikupa maji ya sukari kwa kijiko. Maziwa yasiyonyonywa yakaanza kupungua, na miye nikaona ni vyema, maana maumivu yalipungua nayo. Juma la tatu ukaacha kulia. Ulilala tu, macho nusu. Na miye, sikia haya, nikatoka nje kujisifu. Niliwaambia wanawake bombani, "Wangu ana adabu. Wangu hana kelele kama wa kwenu." Wakainamia ndoo zao. Nilifikiri wananionea wivu.

Alhamisi ukapanda mizani, na umepungua. Madamu akanibinya ziwa kwa vidole viwili, akasema maziwa yangu mepesi, maziwa ya kimaskini. Hakuniuliza ninanyonyesha mara ngapi. Kwake nilikuwa wa kwanza katika darasa, angeuliza nini? Akanipa mukebe wa maziwa na biberoni, chupa yenye chuchu ya mupira. Nikaibeba biberoni ile mukononi, wazi, barabara nzima, ili waione. Maji niliyachota mahali pa wote, na kuni za kuyachemsha sikuwa nazo kila saa. Ulihara siku nne. Macho yakaingia ndani.

Ikafika Jumapili, siku ya Mungu. Siku ya Mungu sireni hailii, na siku hizo baba yako aliniambia saa kutoka mufukoni. Lakini siku ile alikuwa amekwenda Kailo na timu ya mupira, na saa ilikwenda naye. Nikakaa kizingitini, weye mapajani, kinywa wazi bila sauti, na miye nimegeuza sikio upande wa atelieri. Nilijua ni siku ya Mungu. Nilitoka misani. Nilijua na bado nilingojea, maana kichwa changu kilikuwa kimekwisha kukabidhiwa wengine, sikujua tena namna ya kuanza mwenyewe.

Akapita Mama Lutala na muzigo wa kuni. Humujui. Bwana yake alikuwa akipakia kuni kwenye mashini za treni, nao walikaa mwisho wa kambi, katika vile vyumba vya mustari. Muntu wa Pangi, miguu imepasuka kama udongo wa kiangazi, sauti ya kuita watu wa ng'ambo ya muto. Alikuwa amezaa mwezi mumoja kabla yangu, akimunyonyesha Lutala wake akitembea, akigombana, akipima mihogo sokoni. Njo yeye niliyemukataza kuanika nguo karibu na pazia.

Akasimama. "Mama Feza, unangojea nani?"

"Saa ya kunyonyesha."

"Inatokea wapi?"

Nikaonyesha kwa kidevu upande wa atelieri. Akageuka akatazama, akanitazama.

"Leo siku ya Mungu, mama. Mafundi wamelala na bibi zao. Nani atakupulizia?"

Miye bibi wa karani nimujibu muntu anayenuka moshi? Niligeuza uso. Akasogea atazame vizuri, na mzaha ukamutoka usoni. Akatupa kuni chini.

"Huyu anakwenda," akasema. "Mama, huyu anakwenda."

Hakuomba. Alikuchukua, akakaa kizingitini kwangu mbele ya nyumba zote, akatoa ziwa. Hukuweza kushika. Akakukamulia mudomoni tone kwa tone, na kidole chake kinakukuna kooni umeze. Muda mrefu. Kisha nikasikia umemeza. Kisha tena. Kisha ukashika, na Mama Lutala akauma meno, maana ulishika kwa ufizi kama unamudai deni. Nataka kuandika kwamba nilifurahi. La kwanza lililonijia lilikuwa aibu, kwamba jirani wanaona. Furaha ilikuja ya pili. Nakuandikia zilivyofuatana.

Alikuja kila siku mwezi muzima, asubuhi kabla ya shamba na jioni baada yake, Lutala mugongoni. Biberoni aliitupa chooni bila kuniuliza. Kwanza alikuweka kwangu, hata kama hapatoki kitu, unanyonya hewa mpaka unakasirika. Kisha anakumalizia kwake. Ukiwa na njaa, kwangu. Ukiwa huna njaa, kwangu. "Acha anyonye," aliniambia, "ziwa ni kama kisima, likichotwa njo linajaa." Alinikanda kama mama yangu alivyonikanda, ila kwa nguvu zaidi, na alinitukana wakati wote. "Bibi wa karani, fungua hilo pazia, maziwa yanaogopa giza. Bibi wa karani, kunywa uji, au unangojea karatasi?" Nilimuchukia. Nilimungojea kutoka alfajiri kama mutoto.

Baba yako aliporudi kutoka Kailo siku ile ya kwanza, alimukuta mwanamuke wa mupakia kuni kwenye kiti chake, weye kifuani kwake. Akafungua kinywa kusema.

"Baba Feza," Mama Lutala akamuambia, "funga mulango, baridi inaingia."

Akafunga mulango. Ni hivyo tu. Woga wetu wote wa majuma yale, na muntu wa kututia adabu alihitaji maneno manne.

Baada ya majuma mawili maziwa yangu yakaanza kurudi, na baada ya mwezi yakanitosha, lakini hata hapo uliendelea kunyonya kwake kila mara ukimuona, bila haya. Mikunjo ile mitatu ya mapaja, Feza, sijui upi ni wangu na upi ni wake.

Sasa rudi kwenye mashindano. Madamu akanishika mukono, akauliza mbele ya watu wote, kwa Kiswahili chake cha kukatakata, "Mama huyu, mutoto kunyonya namna gani?" Mama Lutala alikuwa amesimama pale, hatua tano kutoka kwangu. Lutala wake hakuingizwa katika mashindano, maana hakupitia mizani ya Alhamisi na jina lake halikuwa katika daftari. Kama wangemupima naye, zawadi isingekuwa yako. Nikamuona. Nikamutazama machoni. Nikasema, "Kwa saa, madamu. Kila saa tatu."

Wazungu wakapiga makofi. Mama Lutala akasogea katikati ya watu, Lutala kiunoni.

"Hongera, Mama Feza," akasema. "Sireni yako ina maziwa mazuri."

Watu wakacheka bila kujua wanacheka nini. Miye nikacheka nao. Akaondoka, na mwezi uliofuata bwana yake akahamishiwa kituo kingine huko kusini, na sijamuona tena. Kikwembe kile cha maua kwa haki kilikuwa chake. Nilikivaa mpaka kikachanika.

Ulipofikisha mwaka nilikupeleka Kibombo kwa bibi yako. Alikupokea, akakubana paja, akakuweka sikio kifuani. "Nani alimunonesha huyu?" akaniuliza. Alijua kuuliza. Alikuwa ananipa mulango wa kusema kweli.

"Miye," nikasema.

Hata kwake. Akakunja midomo, akaenda kuwalisha kuku, na mambo hayo hatukuyataja tena mpaka alipokufa.

Kwa hiyo usinione muntu anayependa kutoa shauri. Ninakuandikia kwa sababu nilikaa mwaka muzima nikikufundisha kumucheka Mama Kazadi, na kumbe nilikuwa nakutengenezea kizingiti kama changu, katika muji usio na Mama Lutala wa kupita na kuni. Nimeshonesha nguo zako zote za safari, na dharau hiyo nimeishona pia, kwa mikono yangu, na sasa natafuta mukasi.

Simupendi Mama Kazadi. Usinielewe vibaya. Muntu anayeuliza bukari mbele ya muchele wangu hatakuwa rafiki yangu hata mbinguni, na nikikutana naye huko nitamupikia tena, nione. Lakini siku ile alipokuwa hapa, mutoto wa jirani yetu alilia na mama yake yuko bafuni. Weye ulitazama dirishani. Miye nilisema, "Nani huyo anapiga kelele?" Yeye alikuwa amekwisha kuinuka. Alitoka na viatu vyake vile vikubwa tulivyovicheka baadaye, akarudi na mutoto begani, akakaa akaendelea na mazungumzo ya mahari kana kwamba alizaliwa naye begani. Niliiona mikono ile. Nilijua mikono ya namna ile inatoka wapi, na njo maana nilikazana kucheka viatu.

Atakupikia bukari. Kula, ina nguvu. Sitakuwa hapo kukuona. Atasali juu ya kichwa chako saa nzima. Lala wakati huo, Mungu hatakuamsha. Atakuambia mambo mengine ya upuzi, hata mama yangu alikuwa na upuzi wake. La upuzi utalijua, liitikie na liache lipite. Lakini akikuwekea mutoto kifuani mchana, usiku, alfajiri, mara ishirini, mupe. Siku ya nne au ya tano utalia, na utamuona yeye njo wa kwanza kukuudhi. Lia mbele yake. Usiende kupiga pasi.

Na Kazadi usigombane naye. Hana ubaya, amesoma tu, na wanaosoma kidogo ni kama waliokunywa kidogo, wanafikiri wametembea sawa. Saa yake mwambie imuamshe yeye aende kazini. Mikebe mupe mwenye kuihitaji. Mama yake aingie Kazadi akiwa ofisini. Jioni atamukuta amekwisha kuketi, na mutoto wa kiume akikuta mama yake ameketi hana la kufanya ila kuvua kofia.

Ndani ya kikapu, chini ya muchele, iko barua ya pili. Si yako. Imeniharibia karatasi nne, maana kila nilipoanza, mukono ulitaka kumusuta. Nimeiacha wazi kwa sababu ninakujua, ungeifungua hata kama ningeishona. Ufikapo, kabla hujatandika kitanda, umupelekee mwenyewe, na umupe kwa mikono miwili. Imeandikwa hivi:

"Dada yangu, Mama Kazadi. Ninakuletea binti yetu. Miye nimenyimwa njia. Mukande, mulishe, umuonyeshe. Atakuambia kwa adabu nzuri kwamba hakuhitaji. Adabu hiyo aliipata kwangu. Usimusikilize. Kaa."

Mama yako